Nzilani na Mistari Aliyoiruka Munyao

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, punguzeni moto jikoni, mnisikilize. Leo tunamkumbuka Nzilani wa Ekalakala. Mama Mutindi. Ametutoka akiwa na miaka sitini na saba, na Jumamosi iliyopita tulimzika.

Kwa kawaida hapa mimi huwaletea sifa. Leo nawaletea wivu. Ndiyo, wivu! Munyao, mfasiri wa Biblia pale mjini Machakos, alinishika mkono siku ya mazishi akasema, "Ukimsimulia Mama Mutindi, usinifiche. Sema vile nilikuwa namwonea kijicho."

Haya, nasema.

Nzilani alikuwa mkaguzi wa tafsiri katika ofisi hiyohiyo ya kina Munyao. Shule aliachia darasa la saba. Sokoni aliuza ndengu. Lakini hakuna ukurasa wa tafsiri yao mpya ya Kikamba uliokwenda kuchapishwa kabla yeye hajaupeleka kwa watu. Aliwasomea kina mama wakichagua ndengu, akawasomea wazee wasiojua kusoma. Akimaliza, anafunga karatasi. "Haya, nisimulie. Ulichosikia, si unachojua." Watakachosimulia, alisema, ndicho kilichoandikwa. Alichokusudia mfasiri kibaki nyumbani kwake.

Munyao alikuwa na digrii. Miaka minne chuoni, Kigiriki na Kiebrania! Halafu wageni wakija ofisini wanauliza, "Nzilani yuko wapi?" Chai ikiletwa, Nzilani ndiye anaulizwa kama sukari imetosha. Hata Ndinda, mke wa Munyao, alimwambia mezani, "Lakini huyo mama ana kipawa." Chakula kikamshinda. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Munyao kilikuwa kimefika mpaka fulana ya ndani.

Miaka miwili iliyopita akamaliza Injili ya Luka. Kazi ya miaka mitatu. Aliinakili mwenyewe kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta, akaisoma mara saba. Akamwambia Nzilani, "Kwa hii, pumzika, Mama Mutindi. Iko sawa."

"Iko sawa kwako, mwanangu. Bila masikio ya watu haitoki."

Basi Munyao akamfuata mpaka Ndithini, kwa Mzee Ndunda, mmoja wa wale wazee wasiojua kusoma. Si kusaidia, wasikilizaji. Alienda amwone akikosa la kusema.

Nzilani akasoma habari za yule mwana aliyetapanya mali ya babake, akaishia kulisha nguruwe. Akafunga karatasi. Mzee Ndunda akasimulia: kijana ana njaa, kijana anapanga maneno ya kuomba msamaha, baba anaagiza nguo nzuri iletwe. Halafu mzee akakuna kichwa.

"Sasa huyu kijana alifika nyumbani saa ngapi? Ile tunasomewaga kanisani, baba alikimbia. Hii yenu baba amekatazwa kukimbia?"

Munyao akacheka. "Mzee, wewe ulisinzia."

Nzilani hakucheka. Akafungua, akasoma tena polepole. Safari ya kijana haikuwapo. Baba kumwona mwanawe kwa mbali, hakuna. Baba kukimbia na kumkumbatia, hakuna. Lo! Maneno ya toba ya yule kijana huja mara mbili katika habari ile: akiyapanga kule kwa nguruwe, na akiyasema mbele ya babake. Munyao akinakili, jicho lake liliruka kutoka yale ya kwanza hadi yale ya pili. Ya katikati yote yakaachwa. Na mara zote saba alizosoma, kichwa chake, kwa kuwa kinaijua habari, kilimjazia pengo. Mzee Ndunda alisikia kilichosomwa tu.

Njia nzima ya kurudi, Munyao alingoja kuanikwa. "Mimi ningemwanika," aliniambia. Jumatatu, mbele ya ofisi nzima, Nzilani akasema, "Kule Ndithini tumepata pengo. Tumelijaza." Tumelijaza! Hakutaja jina la mtu.

Mnadhani wivu uliisha? Wapi! Ulizidi. Sasa akamwonea kijicho hata huo wema. Kitabu kikatoka kizima, watu wakampongeza Munyao, naye hakukanyaga kwa Nzilani mwaka mzima na zaidi. Alisikia mama ni mgonjwa, akajifanya hakusikia.

Mwezi uliopita roho ikamsuta. Akaenda Ekalakala, akatembea kutoka sokoni akipanga maneno njiani. Mutindi, bintiye Nzilani, anasimulia: "Mama alikuwa hajatoka kitandani wiki mbili. Akachungulia dirishani, akasema, nipe bakora. Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, utaanguka. Akasema, niachilie, Munyao anakuja."

Walikutana katikati ya shamba la mbaazi. Mama anahema, leso inaburuzika chini. Munyao akaanza, "Mama Mutindi, nimekukosea, mimi..."

"Umekula?" Nzilani akamkatiza, akamshika mkono.

Mutindi, na jamaa yote ya Nzilani, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na Mungu awafute machozi. Nasi tuliobaki tujiulize, wasikilizaji wapendwa: ni nani anayesikiliza kazi yetu kabla haijatutoka mikononi? Na je, tunamshukuru au tunamnunia?

Nawaachia maneno ya Munyao, aliyoyasema kaburini kwa Nzilani, kofia mkononi. "Ile mistari niliifasiri, nikaipoteza, mama huyu akanirudishia. Lakini sikuwa nimeisikia mpaka siku ile aliponijia kwenye mbaazi."