Mama Kadi na Sahihisho la Ukurasa wa 112

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, marehemu mke wangu, ambaye ofisini mlimwita Mama Kadi kwa kuwa kila neno jipya aliliandika kwenye kadi na kulitia mfukoni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa pili wa tarishi na fundi cherehani, katika chumba kilichokuwa juu ya posta. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akahitimu uuguzi mwaka 1980, akahudumu wodi ya wanaume miaka kumi na minne, na tarehe 6 Agosti 1983 tulifunga ndoa, tukajaliwa binti mwaka 1985 na mwana mwaka 1988.

Mwaka 1994 alihamia ofisi ya kamusi ya wauguzi, na hapa nasema jambo aliloniagiza. Alipofika kwenye neno kliniki, lililotufikia kupitia Kiingereza, aliniuliza asili yake, kwa kuwa nilisoma Kigiriki chuoni, nami, kijiko mkononi na bila kufungua kitabu, nikamwambia kwamba mwanzo lilikuwa nyumba ya tiba, akaandika hivyo, na wengi wenu mlilikariri hivyo kwa mtihani.

Saratani ya uti wa mgongo iligunduliwa Machi 2023, na tangu Juni hakuinuka tena. Agosti aliletewa kurasa za toleo la pili, akafungua vitabu mwenyewe, akakuta kwamba kwa Wagiriki shina la neno hilo ni kitanda, na tabibu aliyeitwa kwalo ni yule aliyemwendea mgonjwa alipolala, kwamba Waingereza waliwahi kumwita hivyo mgonjwa asiyeinuka, baadaye wakalitumia kwa mafunzo ya udaktari kando ya kitanda, na mwishowe kwa mahali tunapokwenda kwa miguu yetu na kupanga foleni. Alicheka mpaka akaumia, akaniita profesa wa kijiko, kisha akataka simu. Mhariri mkuu alimsihi aache, kwamba kurasa zimeshafungwa na asili ya neno haijaua mtu, naye akamjibu kuwa anayekufa ni yeye, basi amwachie yeye kupima. Alimpigia mpiga chapa asubuhi tatu mfululizo, na tarehe 21 Agosti ukurasa wa 112, wenye neno hilo, ukafunguliwa usahihishwe.

Alifariki dunia nyumbani, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi. Tunamshukuru daktari aliyemfuata nyumbani kila Alhamisi, ambaye marehemu alisema ndiye maana ya kwanza ya neno lile, jirani wa ghorofa ya chini aliyemgeuza kitandani pamoja nami kila jioni, mpiga chapa, na mhariri mkuu, aliyekileta kitabu jana. Mke wangu, nimeufungua ukurasa, safari hii nimesoma kabla ya kusema, na pameandikwa kitanda. Sasa pumzika kwa amani.