Mzee Silvanus Mghendi na Ua Lisilotaka Huruma

Marehemu Mzee Silvanus Mghendi alizaliwa tarehe 3 Machi 1922 huko Marungu, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Obadiah Mghendi na marehemu Mama Wanza. Tangu utotoni alikuwa mtu mwenye kinyaa. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu chakula hakili, anakipeleleza kwanza. Na kabla hatujafika mbali, wale waliomletea shada la maua ya plastiki, familia inawashukuru sana. Limewekwa stoo. Tunamjua mwenyewe, angeamka kulitupa.

Alianza masomo mwaka 1931 katika shule ya misheni, akafika darasa la nne. Siku moja alikuta funza kwenye uji wa shule, akaumwaga chini mbele ya mwalimu. Alichapwa viboko sita, kisha akaambiwa aombe msamaha. Akajibu, "Funza ndiye aombe." Alirudi nyumbani siku hiyo hiyo, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1946 aliajiriwa na reli, kwenye genge la kutunza njia ya Voi kwenda Taveta, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja mpaka alipostaafu mwaka 1977. Mwaka 1963, wakifyeka kando ya njia karibu na Maktau, panga la mwenzake Muli liliangukia kichaka cha majani magumu.

"Wachana nao, huo ni mkonge wa porini," Muli akamwambia.

Lakini mkonge gani unatoa bua refu kuliko mtu, lenye maua ya kijani na kahawia na mdomo mweupe? Mzee aling'oa ua hilo, akalitia ndani ya gunia, akalileta nyumbani Voi.

Na hapo ndipo alipoharibu. Alilipanda kivulini, akalitilia samadi ya mbuzi, akalimwagia maji asubuhi na jioni kama mchicha. Mwezi haukuisha, likaoza. Alipolinyanyua lilitoa harufu ya mzoga, akatapika palepale ukutani. Kilibaki kipande kimoja kizima. Akarudi Maktau kutazama wenzake ua hilo wanaishi vipi porini: juu ya mawe, jua la utosini, hakuna mti, hakuna samadi, hakuna wa kuwabembeleza. Basi akatoboa karai kuukuu, akalijaza kokoto, akakikalisha kipande juujuu bila kukifukia, akaliweka katikati ya ua wa nyumba. Maji hakulipa hata tone mpaka alipoona chipukizi. Mwaka 1966 likachanua. Kufikia mwaka 1983 alikuwa na makarai kumi na manne, na amri moja tu: "Hakuna chipukizi, hakuna maji."

Tarehe 18 Agosti 1951 alifunga ndoa na Mama Jacinta. Mama anasimulia kwamba siku ya kwanza alipokwenda kwao, alichungulia mtungi wa maji kabla ya kumtazama binti. "Nikamuuliza, kaka, umekuja kuoa mtungi?" Akacheka, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Januari 1984 alipatwa na maradhi ya figo, akalazwa Mombasa miezi mitano. Ni mwaka huo huo mvua ilipotuhepa. Huku nyumbani majani ya maua yake yalianza kusinyaa, na binti yake Tryphena, ndiye huyu anayewasomea, roho ikamuuma. Amri aliijua vizuri. Hata hivyo aliyaburura makarai chini ya mabati ya stoo, na kwa kuwa maji safi yalikuwa shida, kila jioni akayamwagia maji aliyooshea vyombo, na mafuta yake, na makombo yake ya sima.

Tarehe 9 Juni Mzee alirudi. Harufu ilimpokea langoni kabla ya watu. Alishika tunguu la kwanza, lile shina nono la chini, likapasukia mkononi mwake kama ndizi iliyooza, na funza wakatoka.

"Tryphena, umefanya nini?"

"Baba, niliyaonea huruma."

"Huruma yako inanuka."

Hakusema naye siku nane. Siku ya tisa alimpa wembe na majivu, akamketisha mbele ya makarai. Tryphena alikata uozo, ute ukimchuruzika hadi kiwikoni, akienda kutapika na kurudi, akitafuta nyama nyeupe isiyooza. Makarai kumi na matatu hayakuwa na kitu. La kumi na nne lilitoa kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Akakipaka majivu, akakikalisha juani juu ya kokoto mpya. Mzee alitazama mpaka mwisho, akaingia ndani. Hakusema kwamba amesamehe, na Tryphena hakuthubutu kuuliza.

Septemba hali ya Mzee ilizidi kuwa mbaya. Jamaa walikuja na mapenzi yao: wakamfungia chumba cha ndani, wakaziba dirisha, wakamlundikia mablanketi matatu, uji juu ya uji ukichacha kando ya kitanda. Chumba kilinuka. Hata kama tuko mbele ya mchungaji tutasema, kilinuka. Asubuhi ya tarehe 11 Oktoba alimwita Tryphena.

"Mwanangu, hata mimi mnaniozesha."

Tryphena akamwita kaka yake Crispus, wakambeba pamoja na godoro lake. Shangazi Ngina akawazibia mlango. "Mtamuua baba yenu na jua!"

"Shangazi, tupishe," Tryphena akasema. Hakuwahi kumjibu mkubwa hivyo, na haombi radhi.

Walimlaza kando ya karai. Jua likamwangaza usoni, akavuta pumzi ndefu kwa pua, pua ile iliyokuwa imejikunja wiki nzima. Akanyoosha mkono, akapapasa kile kipande. Ubavuni kulikuwa na chipukizi, urefu wa ukucha.

"Tryphena, lete maji. Safi. Kijiko kimoja."

Hakukipokea kile kijiko. Alimwacha Tryphena amwagie mwenyewe. Saa nne na robo Mzee alifariki, akiwa ameshika mkono wa binti yake.

Mzee Silvanus ameacha mjane, Mama Jacinta, watoto Crispus, Tryphena na Phoebe, wajukuu saba, dada yake Ngina, na karai moja. Karai hilo litakaa juu ya kaburi, upande usio na mti. Mkishapanda maua yenu kama ilivyo desturi, yale maji ya kwenye debe ni ya kunawa mikono. Msilimwagie karai. Lina mtu wake, na kijiko anacho.

Apumzike kwa amani, juani.