Henriette Oldekop wa Upande wa Kushoto wa Piano

Mchungaji, wana wa marehemu, majirani wa mtaa huu wa Lüneburg, na ninyi mliokuja kwa treni ya asubuhi kutoka Uelzen, poleni sana kwa msiba wetu sote. Kaka yangu Konrad, mume wa marehemu, ndiye aliyepaswa kusoma historia hii, lakini sauti imemkataa, basi ninaisoma mimi Dorothea, wifi yake marehemu, niliyekaa naye benchi moja mbele ya piano hii mnayoiona kwa zaidi ya miaka thelathini na saba, yeye kushoto, mimi kulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1831 mjini Uelzen, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mpiga kinanda wa kanisa, Mzee August Sievers, na mkewe Sophie. Alisoma shule ya wasichana ya mji huo hadi alipopata kipaimara mwaka 1846, na muziki alifundishwa na baba yake, ambaye alikuwa na watoto wanne na piano moja, akaona dawa ya ugomvi ni kuwakalisha wawili wawili. Henriette, kwa kuwa ndiye mkubwa, alipewa sauti za chini, na pamoja nazo kanyagio, lile la mguu linaloifanya sauti iendelee kulia, maana watu wawili wakipiga piano moja, kanyagio ni la yule wa chini peke yake. Wadogo zake walipomcheka kwamba hapati wimbo, aliwajibu, "Nyie imbeni tu. Wa juu ni mgeni, wa chini ndiye mwenye nyumba," na neno hilo hakulibadilisha maisha yake yote.

Mwaka 1849 alihamia hapa Lüneburg kwa shangazi yake, akaanza kufundisha piano watoto wa mji huu, na katika chumba hiki naona vichwa visivyopungua ishirini alivyovigonga kwa penseli yake. Tarehe 3 Mei 1853 alifunga ndoa na kaka yangu Konrad Oldekop, karani wa kiwanda cha chumvi, katika kanisa la Mtakatifu Yohane, wakajaliwa watoto watano, wawili walitangulia wakiwa wachanga, na watatu tunao hapa, Theodor, Mathilde na Johanne.

Kabla ya ndoa hiyo, aliyepiga sauti za chini nyumbani kwetu alikuwa Konrad, na mimi za juu, na nawaambia kweli mbele ya jeneza, kaka yangu hakuwahi kufika mwisho wa ukurasa bila kupoteza hesabu. Bibi harusi alivumilia majuma matatu, la nne akasimama nyuma yetu akasema, "Mume wangu, nakupenda, lakini pisha." Konrad alipisha, akapewa kazi ya kufungua kurasa, na kazi hiyo ameifanya hadi mwaka jana bila kulalamika. Mimi nilinuna mwaka mzima, niliona mwanamke huyu kaja kuninyang'anya kaka na benchi kwa pamoja, lakini kila nilipoketi kulia kwake nilisikia ninapiga vizuri kuliko ninavyoweza, na mtu hawezi kumchukia kwa muda mrefu anayemfanyia hivyo.

Mji wetu hauna okestra ya kupiga simfonia, nanyi mnajua, kwa hiyo simfonia zilitufikia kwa posta kutoka Leipzig, kazi ya watu sitini imepunguzwa ikatosha mikono minne, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, mlango huu ulifunguliwa, mkajaa hadi kwenye ngazi. Marehemu alikuwa na desturi moja, sauti ya mwisho ikishapigwa aliacha mguu kwenye kanyagio, akaiacha ilie hadi ife yenyewe, na mtaa mzima ulijua kwamba hakuna kupiga makofi wala kukohoa mpaka Henriette ainue mguu. Mwezi Machi 1874 Konrad alitupeleka sisi wawili Hamburg kusikia okestra yenyewe, simfonia ambayo sisi tulikuwa tumeipiga miaka sita, na tulipotoka nje tulimwuliza ameionaje, akavaa glavu zake polepole, akasema, "Watu sitini, na bado wamekimbia pale katikati. Wifi, sisi hatukimbii." Nilijivuna kwa neno hilo kuliko zawadi yoyote niliyowahi kupewa.

Tarehe 19 Januari 1886 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Sasa nitasema jambo ambalo wengine mnalijua na wengine mnalinong'ona, nalo ni langu, si lake. Watu walianza kuuliza Jumapili zitakuwaje, wakamtaja Adelheid, binti wa Daktari Kröncke, wakati huo ana miaka kumi na saba, na mimi nikakubali bila kumwuliza mwenye kiti. Tarehe 4 Aprili tulipiga, Henriette akiwa amelala chumba cha pili, mlango umefungwa. Mimi sikuwa nimewahi kugusa kanyagio maishani, lakini niliogopa mtoto yule atalisahau, naye, aliyekaa kushoto, alijua ni lake, basi tulikanyaga wote wawili, mguu juu ya mguu, wala hakuna aliyeinua, sauti zikarundikana zikawa uji, na kutoka chumbani tukasikia, "Mguu! Inueni mguu, mnaniulia simfonia!" Mlicheka, nami nikacheka, lakini nilipoingia kwake aliniangalia akasema, "Wifi, umenizika na mimi bado ninakula," kisha hakusema nami kwa majuma matatu.

Juma la nne aliomba karatasi na rula. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, noti zimelala upande kama nyasi baada ya mvua, na kwa miezi sita aliandika upya simfonia nzima kwa mikono mitatu, sauti za chini akauachia mkono wake wa kushoto, na yote ambayo mkono wake uliokufa ungepiga akayahamishia kwangu. Nilimwambia sitaweza. "Mkono wako wa kushoto umekula bure miaka thelathini," akasema, "sasa na ufanye kazi." Tarehe 7 Novemba 1886 aliingia chumba hiki akimshika Konrad bega, Adelheid akiwa tayari ameketi, akamwambia, "Asante kwa kunilindia kiti, mwanangu, sasa nipishe." Tulipiga sehemu zote nne, hatukukimbia, na mwisho aliacha mguu pale muda mrefu kuliko siku zote, watu mnalia na hamthubutu kutoa sauti, mpaka alipouinua. Miaka minne zaidi tulipiga hivyo, mikono mitatu, na wageni waliosikiliza wakiwa ngazini hawakujua kuna mkono unaokosekana.

Kiharusi cha pili kilimjia tarehe 2 Februari mwaka huu wa 1891, akafariki Jumatatu tarehe 9, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa, miezi minne na siku ishirini na sita. Familia inamshukuru Daktari Kröncke kwa miaka mitano ya uangalizi, majirani mlioleta kuni na supu, wenzake Konrad wa kiwanda cha chumvi watakaobeba jeneza, na walimu wa muziki wa mji huu.

Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe. Lakini Jumanne, nikipanga karatasi zake, niligundua kwamba Adelheid alipokuwa akija hapa kila Jumatano, sisi tukidhani anakuja kumchana nywele, alikuwa akifundishwa, na juu ya vitabu vya sauti za chini kuna mwandiko ule uliolala, unaosema, "Kiti cha kushoto ni cha Adelheid. Wifi akae naye. Wifi asiguse kanyagio." Basi Jumapili tarehe mosi Machi, saa kumi jioni, mlango utakuwa wazi kama kawaida, na leo baada ya maziko kuna kahawa na keki ya siagi.

Wifi, ukurasa wako umekwisha, na sisi wote tuliomo humu tumekaa kimya, hakuna aliyekohoa. Inua mguu sasa, mwenye nyumba, upumzike kwa amani.