Baba Yenu Alikula kwa Jirani

Elango, zima hilo feni, linakula sauti yangu, na iliyobaki ni kidogo. Kothai, binti yangu, kaa hapa miguuni nikuone. Na wewe Poongodi, mke wa mwanangu, acha vyombo, leo si siku ya kujifichia jikoni. Nisikilizeni nyote watatu, maana nitasema mara moja tu, na mkinikatiza sitapata pumzi ya kuanza upya.

Daktari amewanong'oneza kule mlangoni mkadhani sisikii. Haya, amesema kweli, kufa nitakufa, na hilo halininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni wali. Siku ya kumi na sita baada ya kufa kwangu mtapika wali wangu, mtauchanganya na ufuta na samli, mtauweka kwenye jani la mgomba juu ya ukuta wa nyuma, mtawaita kunguru mpaka sauti ziwakauke, nao hawatakuja. Na kunguru asipouonja wali wangu, nitajuaje kama wazee wamenipokea? Msiniambie watakuja, Kothai, nawajua kuliko wewe.

Nilipoingia nyumba hii kama bi harusi, ua huu ulikuwa udongo mtupu, umefagiliwa hadi unang'aa, hauna hata jani. Nikapanda asumini kando ya kisima, nikapanda ule mti wa vitunda vyekundu kwa ajili ya ndege zuwakulu, migomba nikaiacha na maua yake yaning'inie ili ndege chozi wapate kunyonya asali. Maji ya ndege kwenye kigae nikayabadilisha kila asubuhi, hata siku nilizokuwa na homa. Miaka mitatu hakuja ndege wa maana, mama mkwe akanicheka, "Umewapandia kunguru bustani." Mwaka wa nne shore wawili, wale wenye doa jekundu chini ya mkia, wakajenga kiota ndani ya asumini. Nilifurahi jamani! Nilikuwa napita pale kwa ncha za vidole, baba yenu nikamkataza hata kupiga chafya.

Makinda yalikuwa matatu. Asubuhi moja nimetoka kuweka tonge la kwanza ukutani, tonge la kunguru, la wazee wetu wanaorudi kama kunguru, kama kila nyumba ya mtaa huu inavyofanya kabla mtu hajala, nikamkuta kunguru amekwisha kula. Amekula makinda. La mwisho lilikuwa bado mdomoni mwake, linapiga kelele. Nilishika mchi, wanangu, nikamrushia, nikampata. Hapo ningeomba radhi, mambo yangekwisha. Lakini hasira ilikuwa imenipanda, nikamfunga kamba mguuni nikamtundika mtini ili wenzake waone.

Mama mkwe alitoka, akatazama, akakaa chini palepale. "Unajua umemtundika nani?" akaniuliza. Nikamjibu, "Namjua. Mwizi wa watoto." Mdomo wangu huo! Mwaka ule ule ndio alikuwa amemzika baba yake. Wiki nzima hakugusa chakula cha mkono wangu. Kunguru nao walijaa juu ya paa, wakalia mchana kutwa, kisha wakaondoka, na tangu siku ile hakuna aliyekanyaga ukuta wetu. Shore wakazaa, milamba wakaja, keremkerem wakapanga mstari kwenye waya wa umeme, watu wakawa wanatoka mitaa mingine kuja kutazama, nami nikajisifu.

Sasa siku ya wali wa baba yenu mlikuwepo. Jua limefika utosini, ukuta mweupe. Wajomba wakaanza kumuahidi marehemu, labda ana kinyongo ndiyo maana kunguru hawashuki: tutamwoza Kothai vizuri, tutamtunza mke wako. Wewe Elango ukalia, ukamwahidi kwamba huu mti wa vitunda hautakatwa kamwe. Ukuta mweupe. Watoto wanalia njaa, wazee wananitazama mimi. Ndipo Pechiammal wa nyumba ya pili akaingia bila hodi, akachota wali kwenye jani bila kuniomba ruhusa, akaupeleka kwenye ukuta wake, akaita mara tatu. Wakashuka. Baba yenu alikula kwa jirani. Nyote mkashukuru, mkaenda kunawa mikono, mimi nikabaki na aibu yangu, na badala ya kumwambia yule mwanamke asante nikamnunia. Miaka kumi na moja sasa. Tunateka maji mfereji mmoja, nageuza uso.

Kothai, vaa ndara uende kwake. Sasa hivi. Sema mama anakuita, usiseme zaidi. Nenda!

Elango, sogea. Juma lililopita nilikuona na futikamba, unapima shina la mti ule, unataka mahali pa gari. Sikugombezi, nyumba ni yako, na kiwanja cha kule mtoni ni cha dada yako, nisisikie mmegombana. Lakini siku yangu, kunguru wakichelewa, usisimame mbele ya jani ukaniahidi mti kama ulivyomwahidi baba yako. Ukiukata, kata. Usinidanganye ili ndege ashuke upate kwenda kula. Nitasikia, nami nitaona uchungu kuliko njaa.

Poongodi, kigae kisikauke. Kiweke kivulini, mbali na kichaka, paka asipate pa kuvizia. Majani makavu usiyafagie yote, wadudu wamo humo. Dawa ya kuua wadudu isiingie hapa. Na kuanzia kesho... la, kuanzia leo, tonge la kwanza ukutani. Wasipokuja, weka tena.

Nawaombea... maji kidogo... nawaombea nyumba isiyonyamaza asubuhi. Mzae, mlee, mpendane. Mikono yangu iko vichwani mwenu, hata kama siwezi kuiinua. Ninyi ni watoto wema. Mama yenu ndiye alikuwa mkali.

Nani huyo anaburuta miguu? Pechi? Karibu, Pechi. Umezeeka, dada. Usilie, mimi ndiye ninayekufa. Kaa hapa, karibu na dirisha... karibu zaidi. Wanangu hawajui kuwaita, sikuwafundisha. Waite, Pechi. Waite kwenye ukuta wangu, niwasikie.