Lemuel Tolliver, Sauti ya Kati ya Quincaires

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, dada yangu Earlene amejaribu tangu jana kuyasoma maisha ya mumewe na kila akifika kwenye jina anakwama, kwa hiyo nitamsomea mimi Vernell, mdogo wake, shemeji wa marehemu, na najua ratiba imenipa dakika chache, lakini anayenijua ananijua.

Lemuel Tolliver alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1943 katika wilaya ya Marengo, Alabama, mtoto wa tatu wa Bwana Isom na Bibi Pearlie Tolliver, ambao wote wametangulia. Mwaka 1951 familia ilipanda treni kuja hapa Cleveland, ikapanga vyumba viwili mtaa wa Quincy, na hapo ndipo Lem aliposoma shule ya msingi na ya sekondari, akamaliza Juni 1961 bila tuzo na bila aibu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na Agosti mwaka huohuo akaajiriwa kwenye kiwanda cha chuma, upande wa tanuru, akawa akirudi nyumbani nyusi zimeungua na bado anaimba.

Kuimba kwenyewe kulianzia hapa kanisani, lakini kundi lilizaliwa ngazini, kwenye jengo walilokuwa wakikaa, mwaka 1962, kwa sababu kuta za ngazi zile zilikuwa zikiwarudishia sauti zao zimependeza kuliko walivyozitoa, wakakusanyika hapo vijana wanne, Cornell Mabry akiongoza, Jimmy Lee Sykes juu, Ozell Pruitt chini kabisa, na Lem wetu katikati, na wapangaji wakawa wanapiga kelele, "Nyie, humu wamo watu wanaokwenda kazini alfajiri!", mpaka siku Bi Hattie wa ghorofa ya pili alipofungua mlango akiwa na mwiko mkononi, akawaambia, "Hebu rudieni ile ya mwisho, na wewe mnene usikimbize," wakajua kumbe wameiva. Wakajiita Quincaires, kwa ajili ya mtaa wao.

Sasa nanyi vijana sikilizeni, maana bila hili hamtaelewa mengine. Mwimbaji wa kati ndiye yule asiyesikika, wa juu mnamsikia, wa chini mnamsikia, kiongozi ndiye mnayemlilia, lakini huyu wa kati mkimwondoa ndipo mnaanza kuulizana mbona wimbo umepoa. Na Cornell alikuwa na sheria yake, kwamba hakuna mwitikiaji mwenye ruhusa ya kuimba njia ya kiongozi, yaani ule wimbo wenyewe, hata akiwa anaoga, kila mtu ashike yake tu, kwa sababu aliogopa, kama wanavyoogopa viongozi wote, kwamba wakiijua watachukua nafasi yake. Wenzake walikuwa wakiiba kidogokidogo. Lem hakuiba. Alitii kwa moyo mmoja, akiziba sikio moja kwa kidole ili asichukuliwe na ya Cornell, miaka yote ile, mpaka ikafika mahali mtu yule, ambaye sauti yake imo kwenye santuri zilizouzwa nchi nzima, hakuwa anajua wimbo wake mwenyewe unakwendaje. Siwatanii, muulizeni mkewe.

Santuri ya kwanza ilitoka mwaka 1966, na Mei 1967 ukatoka ule wimbo wao mkubwa, ambapo Cornell anamwambia mwanamke aliyemwacha kwamba akirudi hata kesho ufunguo uko palepale, na wenzake wanaitikia, "Chini ya zulia, chini ya zulia," na watu wazima mliomo humu ndani mmeucheza, msijifanye mlizaliwa mkiwa mmeokoka. Wakazunguka nao Pittsburgh, Baltimore, Atlanta, suti za rangi ya machungwa, viatu vya kung'aa, wakila kuku wa kukaanga ndani ya gari kwa kuwa hoteli nyingi za njiani bado zilikuwa na namna yake ya kutuangalia sisi weusi.

Oktoba 1967 waliimba kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi hapa mjini, na baada ya onyesho Earlene, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, alimfuata Lem akamuuliza, "Wewe ndiye yule wa pembeni? Mbona mimi sijakusikia?" Lem akamjibu, "Ukinisikia, mrembo, ujue nimekosea." Earlene alicheka mpaka akashika meza. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 1968, mbele ya madhabahu hii hii, wakajaliwa watoto wawili, Renita aliyezaliwa 1970, na Darnell aliyezaliwa 1973, ambao wote mnawaona hapa mbele, pamoja na wajukuu. Na kila mwaka siku ya ndoa dada yangu alimwomba mumewe amwimbie ule wimbo, naye akasimama kwa heshima zote jikoni, akaimba njia yake ya kati, mmm na uuu na chini ya zulia, na Earlene akisema, "Ndiyo wimbo gani sasa huo?", wanacheka wote wawili, basi sherehe imekwisha.

Novemba 1974 Cornell aliondoka kwenda kuimba peke yake, hakuaga, waliikuta habari redioni wakiwa wanapiga pasi suti zao, na meneja wao, aliyekuwa ndiye mwenye jina la kundi kisheria, akachukua vijana wengine wanne, akawavalisha rangi ya machungwa, akawapeleka barabarani wakiitwa Quincaires. Lem aliwaona kwenye televisheni. Alitazama mpaka mwisho, akasema yule wa kati anajitahidi, akazima. Mwaka 1976 akaanza kuendesha basi la jiji, akaliendesha mpaka alipostaafu mwaka 2005, na jina la Cornell hakulitaja tena, si kwa wema wala kwa ubaya. Mimi nilikuwa nikimtaja, tena kwa ubaya, na nilikuwa na maneno niliyomwekea siku nitakapomtia machoni.

Jumapili tarehe 4 Machi 2018, asubuhi, akikoroga uji wa mahindi kabla ya kuja kanisani, Lem alianguka kwa kiharusi. Alipozinduka hospitali, maneno yote yalikuwa yamekwenda. Daktari alitueleza kwamba kuna wagonjwa wa aina hii wasioweza kusema lakini wanaweza kuimba, maana nyimbo zinakaa upande mwingine wa kichwa, tukamshukuru Mungu, tukasema huyu ni mwimbaji, huyu amepona. Akafungua kinywa. Kikatoka kile alichokuwa nacho. Daktari akamuuliza, "Mzee Tolliver, unaumwa wapi?" Lem akajibu kwa sauti safi kabisa, "Chini ya zulia, chini ya zulia." Tulicheka, jamani, tusidanganyane, hata daktari alicheka, na Lem mwenyewe alicheka, kisha akaacha kucheka, na sisi tukaacha.

Maana mtu aliyeimba kiongozi angebaki na wimbo mzima, na kwenye wimbo mzima mtu huokota neno la kuombea maji, la kusema nimechoka, la kusema nakupenda. Lem alibaki na maitikio. Darnell alikuja akakunja mazulia yote ya nyumba ile, akidhani baba ameficha kitu, akakuta vumbi na kifungo. Na kila siku baada ya chakula cha mchana, Lem alikaa wima kitini, akainua kidole, akaimba njia yake kidogo, akanyamaza, akamtazama mkewe, akangoja. Alikuwa anangoja mtu aingie na njia ya kiongozi. Earlene, ambaye Mungu alimpa kila kitu isipokuwa sikio la muziki, alijaribu kuingia, Lem akatikisa kichwa, akaanza upya, Earlene akajaribu tena, Lem akatikisa kichwa, mpaka machozi yanamtoka mmoja wao, na siku nyingine wote. Dada yangu alinipigia simu akaniambia, "Vernell, mume wangu ananiomba kitu kimoja tu, na mimi sina."

Tukampigia santuri. Akaisukuma meza iliyobeba santuri, kwa sababu ndani ya santuri yumo tayari mtu amesimama mahali pake. Tukaita vijana wa kwaya, Mungu awabariki, wakaimba vizuri mno, wakaupamba wimbo kwa mikunjo na madoido ya siku hizi, Lem akapotea humo ndani, akawa anawatazama mmoja mmoja kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake. Jimmy Lee alishafariki, Ozell alishafariki. Alikuwa amebaki Cornell, yuko Dayton, na ni Earlene aliyesema atafutwe, mimi nilikataa, akaniambia, "Sikukuuliza maoni, nimekuomba namba."

Simu akaipokea binti wa Cornell. Akatuambia kwa upole kwamba baba anatukumbuka sana, ila baba aliugua saratani ya koo, na mwaka 2015 walimwondolea kisanduku cha sauti chote. Nilimwambia dada, basi, hilo nalo limekwisha. Lakini Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2019 gari lilisimama nje, akashuka mzee amefunga skafu shingoni, amevaa suti, na yale maneno yangu ya miaka yote nikayatafuta sikuyaona.

Lem alimtazama. Akakaa wima, akainua kidole. Cornell akafungua kinywa, akaanza kuimba, na hapakutoka kitu, ila pumzi tu ikipita pale chini ya skafu, lakini midomo ilikuwa inakwenda, neno kwa neno, na mabega, na ule mkono wake aliokuwa akiuinua kabla ya kiitikio, na Lem akaingia. Akaingia mahali penyewe. Wakaenda nao mpaka mwisho, mmoja bila sauti, mwingine bila wimbo, na sisi tuliokuwa chumbani tulisikia mmm na uuu na chini ya zulia, na vimya virefu katikati, na Lem kwenye kila kimya alikuwa anatikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia.

Ningependa kuwaambia ilitosha. Haikutosha. Alipomaliza aliinua kidole tena, wakarudia, akainua tena, wakarudia, mpaka Cornell akaanza kukohoa na binti yake akasimama, na ikabidi Earlene, aliyemtafuta mtu huyo, ndiye amwambie, "Kaka Cornell, nenda, utatufia hapa." Aliondoka analia. Lem alibaki na kidole juu, na hakuna aliyejua la kukifanyia, dada yangu alikishika tu.

Jumanne tarehe 14 Mei 2019, saa tisa alasiri, Lemuel alifariki dunia nyumbani kwake, mkewe na wanawe wakiwa naye, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, na yule dada wa mazoezi ya kusema ambaye hakukata tamaa, majirani wa mtaa wetu kwa vyakula ambavyo bado vimejaa kwenye friji, madereva wenzake waliokuja na sare zao, wanakwaya, na mchungaji.

Tunakushukuru na wewe, kaka Cornell, uliyekaa hapo mbele. Watu wameona jina lako kwenye ratiba, mbele yake pameandikwa wimbo, na wananong'ona tangu walipoingia, ataimba nini huyu? Vijana wa kwaya wamejitolea kukusaidia, Earlene amewakatalia. Anasema usimame pale ulipokuwa ukisimama, uuimbe wote, na tukifika kwenye kiitikio mtu asithubutu kuitikia, mahali pale ni pa Lem. Hatutasikia chochote, kaka, tunajua. Imba.

Lem, shemeji yangu, ulale salama, na Bwana akupokee.