Video ya Mama Haipiti

Kijiwe cha kahawa nyuma ya maegesho ya malori pale Tunduma kina benchi moja na wataalamu wa kila kitu. Asubuhi hiyo Lusungu alikaa na laptop mapajani, roho haijatulia. Mama yake, waliyemzika Vwawa mwaka huu, alikuwa mle ndani akichuma kahawa, kwenye video nzito isiyokubali kutumwa kwa simu. Dada yake Atupele yuko Kitwe, Zambia, na mazishi hakuyawahi. Lusungu aliibana mwenyewe ipungue uzito, akachagua saizi ndogo kuliko zote, akatuma; sura ikafika ukungu mtupu. Atupele akajibu, "Huyu nani?" Jibu hilo lilimuuma kuliko matanga.

— Jamani, nitumie programu ipi kuibana bila kuiharibu? Mi ndo naanza.

— Handibreki, ile ya nembo ya nanasi, alisema Kwacha, mbadilisha fedha wa mpakani. Ya bure, unabonyeza tu.

— Sikubali! alidakia Diseli, utingo mstaafu. Mzigo unaenda Kitwe, we unauvutia handibreki?

— Basi ile ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi, alisema Kwacha. Ndo ya wanaume.

— Ukikosea herufi, si itafuta mpaka cheti chako cha ubatizo? Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Weka laptop chini ya benchi ipoe. Video ikipoa inasinyaa yenyewe.

— Kweli bwana, Kwacha aliunga mkono. Ndo maana ukiibania kule Kamsamba, joto lile, inaumuka.

— Inaumuka! Kuna jamaa wa Saza, video ya harusi yake ilijaa mpaka skrini ikapasuka.

Lusungu alicheka, kicheko kikamwishia njiani. Mama naye alipenda makelele kama hayo; hata hayo aliyakumbuka.

Gloria, muuza vitumbua aliyehamia juzi kutoka Ileje, alisogea akachungulia video.

— Samahani kaka, mama anasema nini hapo?

Katika ubishi wote ule, hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

— Ananiangalia mimi niliyeshika simu, alisema Lusungu polepole. Anauliza, "Atu anakuja lini?" Kila akijaza kikapu, anauliza tena.

— Pole kaka. Sasa na hilo swali unataka limfikie?

Diseli aliinamia kikombe chake. Kwacha alitazama malori. Lusungu aliweka kidole kwenye kitufe cha kuibana upya, asibonyeze. Alitamani sana Atupele amwone mama vizuri, uso wote. Hakujua kama alitamani amsikie.