Nélida Etchart na Mkono wa Kushikia Fimbo

Tarehe 28 Februari, Bi Nélida Etchart anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuwafundisha watu kutembea katika kituo chetu hapa Montevideo. Wengi wao wana sklerosisi, maradhi yanayochuna utando wa neva hadi mguu usisikie tena amri ya mwenyewe.

Alianza na viti sita vya mbao na mikanda ya mpira ya kuvuta. Siku hizo wagonjwa waliambiwa walale. Yeye aliwataka wasimame na kuketi mara kumi, wapumzike, warudie. Kisha aliketi nao na kuwauliza wanaogopa nini. Majira ya joto alifungua ukumbi saa kumi na mbili asubuhi, maana jua hulegeza miguu yao.

Mwaka juzi mgonjwa wake mmoja, don Rubén Olascoaga, mpiga chapa mstaafu aliyefiwa na mkewe, alianguka barabarani mara mbili. Binti yake aliyeko Uhispania akamtafutia nafasi katika nyumba ya wazee: akianguka mara ya tatu, anahama. Mazoezi yalikuwa yameirudishia miguu yake nguvu, lakini kila alipotoka, fimbo aliiacha nyumbani.

"Mkono huu una themosi, huu una kibuyu cha yerba," alimwambia Nélida. "Fimbo niishike kwa meno?"

"Meno yenyewe unayo, don Rubén?"

"Ya kukutafuna wewe yapo."

Ukumbi ulicheka. Mji huu watu hutoka na themosi ya maji moto kwapani, ya kumiminia majani ya yerba wanayokunywa kama chai kutoka kibuyuni, kama wengine wanavyotoka na funguo. Nélida hakumkataza. Alimuuliza tu hiyo yerba anakunywa na nani.

"Na nani tena? Peke yangu."

Zoezi la wiki ile halikuwa la miguu. Aende gulioni Jumapili, mitaa mitatu, na fimbo, bila themosi, akamwombe muuza mayai ammiminie kibuyu kimoja. Alisitasita wiki tatu. Kuomba ni kazi nzito kuliko kutembea. Jumapili ya nne alifika.

"Miaka kumi unanipita na themosi yako," doña Ofelia wa mayai alimwambia, "nikadhani unaringa. Kaa."

Don Rubén hajaanguka tena. Bado analala nyumbani kwake mwenyewe.

Juma lililopita Nélida akifungasha vitu, don Rubén alisimama mlangoni. "Na wewe, binti, nani anakumiminia?"

Sote tulijua jibu: themosi moja, kibuyu kimoja, dirishani pa ukumbi kabla hatujafika, miaka thelathini na minne. Hakuna kati yetu aliyewahi kubisha hodi. Nélida aliendelea kukunja mikanda ya mpira.

Asante, Nélida, kwa miguu yote uliyoiamsha, na utusamehe kwa asubuhi zile. Maisha yaliyo mbele yako yawe mema. Jumapili ya kwanza ya Machi, saa nne, kuna kiti chako cha tatu gulioni, kando ya don Rubén na doña Ofelia. Themosi iache nyumbani.